Ratiba ya TV Tokyo kwa saa zetu: kumbukumbu ya mradi, toleo 0.1 hadi 0.4

Jedwali hili linachukua ratiba ya wiki ya TV Tokyo, kituo cha televisheni cha Japani, na kuigeuza ili mtu wa Mombasa, Dodoma au Kampala aisome bila kupiga hesabu kichwani. Kituo hiki kilianza mwaka 1964 kikiitwa Tokyo Channel 12, na mashabiki wa anime (katuni za Kijapani) wanakijua kwa Pokémon (1997) na Naruto (2002).

Toleo 0.1: safu

Safu ni sita: tarehe ya ratiba, saa, dakika, urefu wa kipindi, jina kwa Kijapani, alama. Saa na dakika zitenganishwe tangu mwanzo. Siku ya utangazaji Japani haikatiki usiku wa manane, bali inaendelea kuhesabiwa: 24:00, 25:00, 26:00. "Jumatatu 25:30" ni Jumanne 1:30, baada ya usiku wa manane, kwa kalenda ya Tokyo. Ukiipa Python (lugha ya programu) "25:30" kwa `strptime`, amri yake ya kusoma tarehe na saa, na `%H`, alama ya saa, inakataa, kwa kuwa inapokea 00 hadi 23 tu. Wengi hutoa 24 wakasahau kusogeza tarehe mbele, na kalenda ya simu inawakumbusha kipindi siku nzima kabla ya wakati wake.

Toleo 0.2: hesabu ya saa

Tokyo iko mbele ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa 6, mwaka mzima, kwa sababu huku wala kule hakuna anayesogeza saa majira ya joto. Fomula inahesabu kwa dakika (360 ni saa 6, 1440 ni siku nzima):

`=tarehe + (saa*60 + dakika - 360)/1440`

Hapa ndipo mradi ulipopata utamu wake. Siku ya ratiba ya Kijapani huweza kuandikwa hadi saa 30. Toa 6, unabaki na 24. Kwa hiyo kila kipindi cha kuanzia 6:00 hadi 29:59 kinabaki kwenye tarehe ileile iliyoandikwa: "Jumatatu 25:30" ni Jumatatu kwetu, jioni ya 19:30. Vinavyoponyoka ni vya alfajiri tu. Kipindi cha 5:30 kinaangukia saa tano na nusu usiku wa jana yake, na fomula inakirudisha nyuma yenyewe ikiwa safu ya tarehe ni tarehe kweli, si maandishi.

Kuna zaidi. Saa ya Kiswahili nayo inapishana kwa 6 na saa ya kimataifa. Sita na sita ni kumi na mbili, yaani mshale unarudi palepale. Namba inayosomwa kwenye saa ya ukutani Tokyo ndiyo saa yetu ya Kiswahili! Kipindi cha 18:30 ni saa sita na nusu mchana. Cha 22:00 ni saa kumi jioni. Cha 25:30 ni saa moja na nusu usiku. Kwenye jedwali inatosha `MOD(saa;12)`, na sifuri isomeke 12.

Hila hii ni ya Kenya, Tanzania na Uganda. Kwa Bujumbura, Kigali na Bukavu badili 360 iwe 420; kwa Muscat iwe 300. Fomula itafanya kazi, ila namba hazitalingana tena.

Toleo 0.3: herufi

Ratiba za Kijapani hutumia nukta mbili pana (：) badala ya ile ya kawaida, na ukikata maandishi kwa ":" hupati kitu. Dawa ni kusawazisha herufi kwa NFKC, kanuni ya Unicode inayogeuza herufi za sura maalumu kuwa za kawaida. Lakini usianze na hiyo. Alama za mraba kama 🈟 (kipya), 🈡 (cha mwisho), 🈞 (marudio) na 🈑 (kina maandishi ya chini) hugeuzwa na NFKC kuwa 新, 終, 再, 字 za kawaida, zikaganda kwenye jina. Kipindi kimoja kikawa na majina matatu. Ng'oa alama kwanza, zipeleke kwenye safu yake, ndipo usawazishe.

Toleo 0.4: vipindi vya zamani

Kwa miaka ya nyuma tulijaribu kukadiria tarehe: siku ya kwanza + 7 × (namba − 1). Pokémon ilianza Jumanne 1 Aprili 1997. Kwa sehemu ya 38 fomula inatoa 16 Desemba 1997, na ndiyo siku yenyewe. Baada ya hapo inavunjika. Mwanga wa kumetameta wa sehemu hiyo ulipeleka watu zaidi ya 600 hospitalini, mfululizo ukasimama, na uliporudi 16 Aprili 1998 ulikuwa Alhamisi, sehemu mbili kwa mpigo. Ukadiriaji umefutwa, tarehe zinaingizwa moja moja.

Jedwali ni la Tokyo na eneo la Kanto linaloizunguka pekee. TXN, mtandao wa vituo unaoongozwa na TV Tokyo, una vituo sita, vingine vikiwa Osaka, Aichi, Setouchi, Hokkaido na Kyushu. Eneo lisilofikiwa hutegemea kituo kingine kununua kipindi, nacho mara nyingi hukionyesha siku nyingine.

Safu ya saba, "halali kuanzia", imeongezwa kwa sababu ratiba hupanguliwa sana Aprili na Oktoba, na hata vipindi vikongwe huhama: World Business Satellite, kipindi cha habari za uchumi cha tangu 1988, kilitoka 23:00 kwenda 22:00 kwa siku nyingi za wiki mwezi Machi 2021. Mstari usio na tarehe hiyo hauingizwi.