Siku moja na kibodi za mekanika, Lubumbashi

Saa moja asubuhi. Umeme upo, basi chai itasubiri. Nachaji betri zote, kisha nanakili kwenye flashi hifadhidata ya kibodi ninazouza. Ni faili moja tu ya SQLite, programu ya hifadhidata isiyotaka seva wala intaneti. Katika mji unaozimikazimika kama wetu, sikuona sababu ya kutafuta kitu kikubwa zaidi.

Saa mbili na nusu niko komini ya Kenya, hapa hapa mjini, kwa mama anayeuza vifaa vya ofisi vilivyotumika Ulaya. Kibodi zimerundikwa chini, nyaya zimesokotana.

“Papa, kamata zote, nitakupunguzia.”

“Mama, acha kwanza nizigeuze.”

Nazigeuza kwa sababu usoni zinadanganya. Kibodi za Cherry, G80-3000 na G81-3000, unaweza kudhani ni mapacha, lakini G80 ina swichi (kibonyezo kilicho chini ya kila kitufe) za aina ya MX, na G81 ina za MY, ambazo mimi silipii bei ile ile. Lebo ya mgongoni ndiyo inayosema. Tena nang'oa kifuniko cha kitufe kimoja nione rangi ya swichi: buluu hulia, kahawia hukwama kidogo kidoleni bila kulia, nyekundu huteremka laini. Chini kabisa naipata IBM Model M, aina iliyoanza kutoka 1985, nzito kama tofali. Lebo yake imekwanguka, imebaki “9140” katikati.

Saa nne, mezani. Kuingiza data ni kazi ya kuchosha, sitaipamba. Safu inayonila muda ni ya mpangilio wa herufi. Kuandika “AZERTY”, mpangilio wa kibodi za Kifaransa, peke yake hakutoshi hapa kwetu: ya Ubelgiji ina alama ya mshangao kwenye kitufe cha 8, ya Ufaransa ina mstari wa chini pale pale. Mtu anayechapa barua za watu kutwa nzima bila kutazama vidole, ukimpa isiyo yake atairudisha kesho yake. Kwa hiyo ni safu mbili: mpangilio, na nchi. Mwaka wa kutengenezwa nauandika ukiwa kwenye lebo tu. Muuzaji akisema “ni ya zamani sana”, pale naacha wazi.

Saa saba, bukari na sombe. Umeme umeshaondoka.

Alasiri ni ya utafutaji, na hapo ndipo ninapofurahia kazi hii. Faharasa ya kawaida ya FTS5, sehemu ya SQLite ya kutafuta maandishi, hukata maandishi neno kwa neno, hivyo namba ya Model M kama “1391401” kwake ni kipande kimoja, na ile “9140” ya asubuhi haiambulii kitu. Faharasa ya trigramu hukata herufi tatu tatu, kwa hiyo inaikuta namba hata katikati. Lakini mtu akiandika “MX”, herufi mbili, trigramu inanyamaza kabisa. Nimeweka zote mbili: neno fupi linakwenda kwa ya kwanza, namba inakwenda kwa ya pili. “é” na “e” nazo zinahesabiwa sawa, maana wateja hawana muda wa kutafuta aksenti kwenye simu.

Saa kumi na moja anapiga simu dada wa sekretaria moja, ofisi ya kuchapa barua, karibu na chuo kikuu.

“Yaya, unayo ile inayolia kwa-kwa-kwa? Ya Kibelgiji, ya plagi ya mviringo?”

Hakutaja Cherry wala MX, na sijapata mteja wa mjini aliyezitaja. Ndiyo maana mlio na plagi vina safu zake, na katika safu ya mlio nimeandika maneno ya wateja wenyewe. Inatoka moja: G80, swichi za buluu, plagi ya PS/2, ndiyo hiyo ya mviringo. Namkumbusha azime kompyuta kwanza ndipo achomeke, plagi ile haipendi kuchomekwa mashine ikiwa inawaka.

Atakuja kesho aijaribu kabla ya kulipa. Nimeitia alama “imeshikwa”, isitokee tena mtu mwingine akitafuta.