Kesi ya nyanya za kopo: jinsi nilivyolinda ushahidi

Mimi ni mkaguzi wa chakula. Kugundua kwamba nyanya zile za kopo zimechakachuliwa hakukunisumbua: nilizimua kijiko kimoja kwa maji, nikadondosha iodini, rangi ikageuka bluu ya kukaribia weusi. Ni wanga huo, uliotiwa ili rojo ionekane nzito. Ila kipimo cha mezani hakimtii mtu hatiani. Kinakupa tu sababu ya kuuzuia mzigo.

Sampuli ya unga unaigawa mafungu matatu mbele ya mwenye mali: la maabara, la kwake, na la akiba endapo majibu yatabishaniwa. Kopo je? Ukishalifungua, wakili atauliza nani amelichafua. Kwa hiyo nilichukua makopo mazima yenye namba ile ile ya toleo, yaani yaliyofungashwa kwa mkupuo mmoja, nikayatenga mafungu matatu, kila fungu likatiwa lakiri. Mwenye ghala akagoma kusaini. Sikubishana naye. Nilimwita shahidi, nikaanza kuandika kwamba amegoma, naye alipoona hivyo akasaini.

Lebo niliinakili yote, neno kwa neno. Orodha ya viambato ilitaja nyanya na chumvi, basi. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo iliyotubeba, kuliko hata ripoti ya mkemia. Wanga si sumu, na upande wa utetezi ulikuja umejiandaa kusema hakuna aliyeugua. Sisi hatukudai kuna aliyeugua. Tulidai mnunuzi ameuziwa kisichoandikwa kwenye kopo.

Wakili alitumia muda mrefu kuhoji kielelezo kilipita mikononi mwa nani. Nilikuwa na daftari lenye saini ya kila aliyekipokea na kukikabidhi, kuanzia ghalani hadi maabara, nikamsomea mstari kwa mstari hadi akachoka yeye.

Kisha mshtakiwa akajitetea kwamba yeye ni muuzaji tu, mzigo aliupokea ukiwa umefungwa. Utetezi huo una haki yake, na mimi nilikuwa nikiungoja. Alipotoa ankara ya aliyemuuzia, tukapata njia ya kumfikia mfungashaji, naye akaunganishwa kwenye mashtaka.

Mahakama iliamuru mzigo uteketezwe. Nilisimamia kila kopo litobolewe kabla ya kufukiwa, kwa sababu makopo mazima hufukuliwa usiku na kurudi sokoni.