Udongo Wetu Hauna pa Kwenda

Dereva wa kenta alitaka shilingi elfu nne kwa mzigo mmoja wa udongo. "Mama Wanja, mimi nitaumwaga kule jaa la Dandora. Nani atauliza?" Wenzangu walishaanza kuchanga. Mimi nikaegemea koleo nikanyamaza, maana mama yangu mdogo anaishi Korogocho, na akifungua dirisha lake anaangaliana na jaa hilo.

Ploti yenyewe iko Mukuru, upande wa Viwandani, hatua chache kutoka Mto Ngong. Kwa miaka mingi palikuwa na karakana ya mabati. Vijana walipasua betri kuukuu za magari kwa shoka, asidi ikamwagwa chini, kisha risasi, ile metali iliyomo ndani ya betri, ikayeyushwa kwenye sufuria kubwa na kuuzwa kwa kilo. Siku moja mwenyewe akahama usiku, akatuachia maganda ya betri na kufuli mlangoni. Baadaye kikundi chetu kikapewa ruhusa tufanye pale uwanja wa watoto na bustani ya sukuma wiki.

Tulisafisha Jumamosi tatu mfululizo. Tukaondoa maganda, nyaya, vyuma, na godoro moja ambalo hakuna aliyekubali kuwa ni lake. Pakapendeza. Mzee wetu wa nyumba kumi akapiga picha, akatangaza kazi imekwisha, tununue mbegu.

Sasa, mimi hupiga deki katika maabara ya chuo fulani hapa mjini, na ukipiga deki mahali miaka tisa, masikio nayo husoma. Nikachota udongo katika mifuko sita ya karatasi ya unga, kila mmoja nikauandikia ulikotoka, nikamwomba fundi wa maabara anipimie. Ule wa langoni haukuwa mbaya. Ule wa pale sufuria ilipokuwa ulizidi mara tatu miligramu 400 za risasi kwa kilo, kipimo ambacho Marekani ilikitumia kwa miaka mingi kama mpaka wa udongo wanapochezea watoto.

"Mbona basi haunuki?" mzee akauliza. Swali hilo sikulicheka. Sisi watu wa kando ya mto tumezoea uchafu unaojitangaza. Risasi haina harufu na haiozi. Mvua ya miaka kumi haiimalizi. Inakaa juu juu tu, pale pale vumbi linapotimuka na mtoto anapookota biskuti iliyomwanguka. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mwili wa mtoto huipokea kama kalisi, madini ya kujengea mifupa, ikaenda kwenye mifupa, na ubongo unaokua ndio unaoumia.

Wale wa Owino Uhuru kule Mombasa waliyajua haya kwa uchungu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilikaa ubavuni mwa nyumba zao, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 na udongo wao usafishwe. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, wakashinda tena mwaka 2024. Sisi hatuna wakili, na wa kumshtaki alihama usiku.

Kwa hiyo Dandora. Mwaka 2007 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lilichapisha matokeo ya watoto na vijana 328 wanaoishi karibu na jaa lile: nusu walikuwa na risasi ya mikrogramu 10 au zaidi kwa desilita ya damu. Nikawauliza wenzangu, tuwaongezee ya kwetu? Dereva akawasha kenta yake akaenda zake, amenuna.

Tukaufunika. Kwanza tuliunyunyizia maji ili vumbi lisiruke. Ule mbaya zaidi tukausogeza pembeni na kuumwagia zege juu. Leo ndipo benchi za akina mama zilipo. Kwingine kote tukatandika kitambaa kigumu cha rangi ya chungwa, juu yake maramu, juu yake udongo mwekundu kutoka Kikuyu, kisha nyasi. Upande wa mto tukajenga ukuta mfupi wa mawe mvua isije ikaubeba. Sukuma tumepanda kwenye magunia, kwa udongo huo huo wa kununua.

Kijana mmoja wa kikundi, msema kweli sana, aliniambia, "Mama Wanja, hapa hatujasafisha. Tumezika." Nikamwambia ni kweli, na kaburi lazima lijulikane lilipo. Ndiyo maana nilishikilia kitambaa kiwe cha chungwa, ingawa cheusi kilikuwa rahisi zaidi.

Mwezi uliopita nikakuta fundi wa maji ameshachimba mtaro katikati ya nyasi, bila kumwuliza mtu. Alikuwa amesimama, jembe mkononi, anatazama chini. "Mama, hiki kitu cha chungwa ni cha nani?"

Tulifukia mtaro siku hiyo hiyo. Bomba likazungushwa kupitia langoni, na akatudai mia tano za ziada kwa ajili ya kona.