Run ni zaidi ya kukimbia

Run ni kati ya maneno ya mwanzo kabisa ambayo mtoto hufundishwa kwenye Kiingereza. Mwalimu anasema "run", darasa linaitikia "kimbia", wanasonga mbele. Huko Oxford, mhariri wa kamusi ya Oxford English Dictionary, Peter Gilliver, alilishughulikia neno hilohilo kwa takriban miezi tisa, na alipomaliza kitenzi peke yake kilikuwa na maana 645. Kabla ya hapo, katika toleo la kamusi hiyo la mwaka 1989, neno lililoongoza kwa urefu wa maelezo lilikuwa set.

Sidhani kuna mtu anayehitaji kukariri maana 645. Anachohitaji ni kuachana na ile "kimbia" ya darasani kila anapokutana na run, kisha kuangalia nani anatenda, nani anatendewa, na kijineno gani kimefuata.

Tuanze na mtendaji. Akiwa na miguu, ni mbio. Yakiwa maji, yanatiririka, na maana hii ni ya zamani sana katika Kiingereza. Hata Zaburi ya 23, "kikombe changu kinafurika", kwa Kiingereza cha zamani ni "my cup runneth over". Humo humo wameingia pua inayochuruzika kamasi, na kitenge cha bei poa kinachochuja rangi ukikiloweka na shati jeupe: "the colours ran". Mtendaji akiwa basi, linafanya safari: "the buses run every ten minutes", mabasi hupita kila dakika 10. Ikiwa injini, inaunguruma. Mara nyingine tafsiri nzuri haina kitenzi kinachofanana na run hata kidogo. "Leave the engine running" ni "usizime gari", basi.

Halafu mtendewa. Run ikibeba kitu mbele yake, mara nyingi ni kuendesha au kusimamia: run a shop, run a school, run a program. Hapa ndipo tafsiri nyingi za kompyuta huharibika, zinapotuambia programu "inakimbia". Programu huendeshwa. Lakini usiichukue "endesha" ukaipeleka kila mahali: run a fever ni kuwa na homa, run a bath ni kujaza maji ya kuoga, run a story kwa gazeti ni kuchapisha habari. Na anayegombea urais Marekani "runs for president", ilhali Waingereza kwa kawaida husema stand.

Vijineno vinavyofuata ndivyo vyenye mitego zaidi. Chukua run over tu. Mtu akiwa "run over" amegongwa na gari. Mkutano "uki-run over" umepitiliza muda. Uki-"run over your notes" unapitia maandishi yako harakaharaka. Run out nayo inaweza kuanza na mwenye kitu au na kitu chenyewe: "we have run out of sugar", tumeishiwa sukari, "the sugar has run out", sukari imekwisha. Kosa linalojirudia ni kuzichanganya mbili hizi kwa sababu sisi tunaweza kusema "sukari imetuishia", na mtu akaandika "the sugar has run out of us". Kiingereza hakikubali. Ile of inasubiri kitu kilichokwisha, haisubiri watu.

Anayesema Kiswahili asishangae sana. Sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga kura, na hakuna anayeumia. Mgeni akitafsiri piga zote kwa hit, amefanya kosa lilelile.

Visawe navyo vinataka uangalifu, maana orodha huvipanga kana kwamba vyote vinalingana. Sprint ni kutoa nguvu zote kwa umbali mfupi, kama mita 100. Jog ni mbio za polepole za mazoezi. Dash ni kuchomoka ghafla kwa haraka. Bolt inamfaa farasi aliyeshtuka, scurry inamfaa panya. Kelvin Kiptum alipomaliza marathoni ya Chicago mwaka 2023 kwa saa 2, dakika 0 na sekunde 35, sprint isingemfaa kwa kilomita zote 42, na jog ingekuwa dharau. Hapo hakuna kinacholingana na run yenyewe.

Upande wa pili, kimbia yetu nayo hubeba mambo ambayo run haiyabebi. Mgonjwa aliyekimbizwa hospitali ni "rushed to hospital". Ukiandika "they ran him to hospital", msomaji ataelewa kwamba walimpeleka kwa gari tu, pengine bila haraka yoyote, kama mtu anayepewa lifti hadi stesheni. Waliokimbia vita ni "fled the war". "Ran the war" ingewageuza kuwa majenerali walioiendesha. Na mume aliyemkimbia mkewe "ran away from" mkewe, lakini ukitumia "ran out on" umeongeza lawama: aliondoka akiwa bado na wajibu kwake.