Siku Moja Maishani Mwangu: Kazi ya Kufuatilia Jina Letu Mtandaoni

Tuko wanne katika karakana ya kushona mabegi. Wawili wako kwenye mashine, mmoja anakata vitambaa, na mimi napokea oda na kujibu simu. Kazi yangu nyingine haionekani kwa macho: kila siku natafuta walikotutaja watu, walichosema, na kama kuna anayesubiri jibu letu.

Saa 12:40 asubuhi. Nafungua barua pepe. Google Alerts imeshaleta taarifa yake ya siku. Huduma hii ni ya bure na imekuwepo tangu 2003: unaiandikia maneno unayoyafuatilia, nayo inakuletea kurasa mpya zenye maneno hayo. Jina letu ni neno la kawaida, tena watu wengi huwapa watoto wao, kwa hiyo mwanzoni nilikuwa naletewa matangazo ya harusi na matokeo ya mpira. Sasa nafunga jina letu ndani ya alama za kunukuu pamoja na neno “mabegi”, kisha naweka alama ya kutoa mbele ya maneno nisiyoyataka. Leo kuna viungo vitatu. Kimoja tu kinatuhusu, nacho ni tangazo letu wenyewe.

Saa 2:15 asubuhi. Maoni ya kwenye ramani ya Google. Kuna nyota tano bila maneno, na nyota tatu zenye sentensi moja: “Begi zuri ila nilisubiri sana.” Nashukuru kwa zile tano, lakini hizi tatu ndizo ninazokaa nazo. Naangalia daftari la oda na kukuta kweli tulichelewa siku nne. Namwandikia hivyo hivyo, kwamba tulichelewa siku nne kwa sababu kitambaa cha rangi aliyoichagua kilikwisha, na tulipaswa kumpigia simu mapema. Mtu akijibiwa pale hupata taarifa, na ana uwezo wa kubadilisha nyota zake akitaka. Simwombi abadilishe. Nyota ni zake.

Kuna wanaoniambia nyota moja si kitu. Mwaka 2011 mtafiti Michael Luca wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alilinganisha nyota za migahawa kwenye Yelp, mtandao wa maoni ya wateja, na mapato yake, akakuta ongezeko la nyota moja linaendana na ongezeko la mapato la asilimia 5 hadi 9. Tena ilikuwa kwa migahawa inayojitegemea. Kwa ile yenye matawi mengi hakuiona athari hiyo. Sisi hatushoni chakula, lakini sababu naielewa. Jina kubwa mteja analijua tayari. Sisi anatujua kupitia kinywa cha aliyetutangulia kununua.

Saa 4:30 asubuhi. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Google Alerts haiingii kwenye makundi ya WhatsApp wala makundi yaliyofungwa ya Facebook, na aliyetusema bila kututagi hatuletei arifa yoyote. Mteja aliyekasirika hatafuti ukurasa wetu ili autagi. Anaandika jina kama alivyolisikia, basi. Jina letu lina “r”, na wapo wanaoandika “l”. Wapo wanaolitenganisha maneno mawili, na wapo wanaoacha herufi ya mwisho. Nina orodha ya namna tano za kulikosea, na kila siku nazitafuta zote, mtandao mmoja baada ya mwingine.

Leo nimejaribu “l” na maneno mawili kwa pamoja, namna ambayo sijawahi kuijaribu. Nikaikuta. Posti ya mama mmoja, imewekwa siku mbili nyuma, ina komenti 14: “Begi la mwanangu zipu imekufa wiki ya pili. Msinunue kwa hawa.” Siku mbili nzima tunasemwa na kuulizwa, na sisi kimya.

Mkono ulitaka kuandika palepale kwamba mabegi yetu hukaguliwa. Nikauzuia. Nikaandika hivi:

“Dada, pole sana. Mimi ni wa karakana iliyoshona begi hilo. Naomba unitumie picha ya pale zipu ilipoachia, na tarehe uliyonunua. Tutalirekebisha kwa gharama zetu, na mtoto tutampa la kutumia wakati huo.”

Saa 7:00 mchana. Picha imefika. Naipeleka kwa fundi. Anaikuza kwa vidole viwili na kuiangalia kwa muda. “Kichwa hakijavunjika,” anasema. “Kimechomoka huku mwisho. Ncha haikupigwa mshono wa kurudia.” Tunateremsha mabegi 11 ya mkupuo ule yaliyobaki rafuni. Sita yana kasoro hiyo hiyo. Fundi hakusema kitu tena, alivuta kiti akaanza kufumua. Nimekaa nikifikiria: bila yule mama, haya sita yangeuzwa wiki hii.

Saa 9:20 alasiri. Mtu asiyenijua ananitumia ujumbe akiniuzia maoni ya nyota tano, eti yafunike mabaya. Namzuia. Google inakataza maoni ya kununuliwa, na Marekani ina kanuni inayoyapiga marufuku tangu Oktoba 2024. Hata kusingekuwa na kanuni, maoni ya uongo yasingenionyesha zipu.

Saa 11:00 jioni. Naandika daftari la siku: wapi tumetajwa, nini kimesemwa, nani amejibu, nini kimefanyika karakanani. Safu ya mwisho ndiyo ninayoipenda zaidi, na leo ina maneno: “mabegi sita yamefumuliwa, ncha zote zipigwe mshono wa kurudia.” Natafuta pia kwenye daftari la oda wote walionunua mkupuo ule. Ni watu tisa. Kesho asubuhi nitawapigia mmoja mmoja kabla zipu hazijawaachia.

Yule mama amejibu: “Nitalileta Jumamosi.” Posti yake bado ipo, na sikumwomba aifute. Kwenye orodha yangu ya namna za kulikosea jina letu, nimeongeza ya sita.