Kompyuta ya wasioona ipo, ila jaribu kulogini

Kazi yangu ni mifumo ya maktaba, databesi pamoja na kompyuta za wasomaji, na kama kuna kitu kinanikera ni ile kompyuta moja ya kule pembeni iliyobandikwa karatasi "kwa wenye ulemavu". Nyingi ni za funika kombe mwanaharamu apite, wakaguzi wakija waone ipo, basi. Hedifoni zipo, NVDA imewekwa, na hiyo NVDA ni programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti, Michael Curran aliianzisha Australia mwaka 2006, kwa hiyo hapa huwezi hata kusingizia bajeti. Sasa mtu asiyeona anakaa, anavaa hedifoni, anabonyeza, kimya. Programu imesetiwa ianze baada ya kulogini, na yeye bado yuko kwenye skrini ya kuweka namba ya kadi na PIN. Inabidi amuite mhudumu amtajie PIN yake kwa sauti, watu wa meza ya pili wanasikia, halafu eti tuna huduma jumuishi.

Na kurekebisha ni dakika chache tu jamani. Kwenye setingi za NVDA, zile za jumla, kuna kiboksi cha kutiki ili ianze kusoma kuanzia skrini ya kulogini, na chini yake kuna kitufe cha kuzihamishia huko setingi ulizokwisha kuziseti. Unahitaji haki za admin, ndo maana mkutubi wa kawaida hawezi na fundi hajui kama kuna shida. Kama mnatumia programu ya kuhesabu muda yenye dirisha lake la kulogini basi usiamini maneno ya muuzaji, zima monita, vaa hedifoni, uingie wewe mwenyewe kwa kibodi tu uone utafika wapi.

Hiyo programu ya muda nayo ina mambo yake. Muda ukikaribia kuisha inatoa kijiujumbe kwenye kona ya skrini, hakina sauti, NVDA haikisomi, mtu yuko katikati ya kujaza fomu ya kazi, pap, kila kitu kimefutika. Mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na wenye ulemavu pia, uko wazi: mtu aonywe kabla, apewe angalau sekunde 20, na aweze kuongeza muda kwa kitu chepesi kama kubonyeza spesi. Mimi naona ni rahisi zaidi kutengeneza kundi la wasomaji kwenye databesi lenye muda mrefu, maana anayesikiliza ukurasa hawezi kwenda kasi ya anayeupitisha macho. Ila tafadhali, kundi liitwe "muda wa ziada". Nimeona rekodi za wasomaji zimeandikwa "kipofu" au jina la ugonjwa kabisa kwenye sehemu ya maelezo, na kila anayekaa kaunta anasoma. Mfumo unatakiwa ujue mtu anahitaji nini, ugonjwa wake haukuhusu.

Turudi kwenye databesi yenyewe, maana watu wanadhani ulemavu ni mambo ya meza na vifaa tu. Chukua katalogi yenye kitabu kimoja kilichoingizwa mara sita. Mwenye macho anaruka, hata hajali. Anayesikiliza anasomewa jina, mwandishi, mchapishaji, mwaka, halafu tena vilevile, halafu tena, mpaka anakata tamaa anaondoka. Hizo nakala nyingi chanzo chake ni ISBN, ile namba ya utambulisho ya kitabu. Mpaka mwisho wa 2006 ilikuwa na tarakimu 10, kuanzia 2007 ikawa 13, sasa kitabu kilekile kiliingizwa kwa namba ya zamani, miaka ikapita mwingine akakiingiza kwa namba mpya, na mfumo ukaona ni vitabu viwili. Na usidhani ni kuongeza 978 mbele tu ukamaliza, tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi na inabidi ikokotolewe upya. Majina ya waandishi ndo usiseme, mara la ukoo mbele, mara nyuma, mara na herufi za mkato.

Halafu lugha. NVDA inakuja na sauti za eSpeak NG na Kiswahili kimo, lakini inafuata lugha iliyotajwa kwenye ukurasa. Kama katalogi yako imetangaza ni Kiingereza, kitabu cha Kiswahili kitasomwa kwa matamshi ya Kiingereza, na hapo hata mimi niliyezoea siambulii kitu. Kwenye rekodi za MARC, yaani muundo ambao maktaba hutumia kuandikia taarifa za vitabu kwenye kompyuta, kuna sehemu ya 008, nafasi ya 35 hadi 37, hapo panakaa msimbo wa lugha, wa Kiswahili ni swa. Kuuandika hapo peke yake hakubadilishi sauti, mtu wa tovuti inabidi autumie kutaja lugha ya kila kichwa cha kitabu, lakini kama haupo au umekosewa atautumia nini? Rekodi nyingi tunazovuta kutoka maktaba nyingine zinaingia hivyohivyo bila mtu kuziangalia.

PDF za kuskani ni picha tupu, zipitishe kwenye OCR, yaani programu ya kugeuza picha ya maandishi kuwa maandishi yanayosomeka, kabla hujazipandisha, sina la kuongeza.

Kwa mnaotumia Koha, ile programu ya bure ya kuendeshea maktaba, na mnataka kuanza kuunganisha hizo rekodi pacha: mkishaunganisha, nakala za vitabu zinahamia kwenye rekodi mliyoiacha na ile nyingine inafutwa, hakuna kitufe cha kurudisha. Chukueni bakapu ya databesi nzima kwanza, na muifungue kwenye mashine nyingine mhakikishe inafunguka kweli, maana bakapu isiyofunguka nimekutana nayo zaidi ya mara moja.