Mama, bajaji na Jaji Manning

Jana nimempeleka mama klinik, tukapita na bajaji pale Tambukareli, Dodoma, kwenye lile jengo jipya la Mahakama lililozinduliwa 2025, mama akaliangalia weee mpaka shingo ikageuka, akaniuliza hivi humo wanawake wapo? Nikamwambia wapo kibao. Ndo akaanza kunipa stori ya Julie Manning, yule dada aliyesoma sheria Chuo Kikuu Dar miaka ya 60 darasani wanaume watupu, baadae akawa jaji mwanamke wa kwanza wa Mahakama Kuu Tanzania, halafu 1975 Mwalimu akampa Wizara ya Sheria. Mama anasema kipindi hicho kule kwao Kondoa msichana akimaliza la saba ni jembe au ndoa, basi walivyosikia redioni kuna jaji mwanamke wazee wakadhani mtangazaji kakosea jina 😂

Na mjue ujaji hauombwi kama kibarua, katiba inataka sifa za kisheria uwe nazo si chini ya miaka 10, ndo Rais akuteue. Binti yangu kasikia, leo asubuhi kavaa kanga yangu nyeusi anamhukumu mdogo wake kwa kesi ya maandazi. Hataki kusikia rufaa.